Hodi Tatu kwa Mashine

Printa ilipoletwa ofisini kwetu Msambweni, sanduku lake lilikuwa kubwa hata tulipolitua sakafuni pakabaki nafasi ya kusimama mtu mmoja na nusu. Haikuwa mpya. Ilikuwa imetumika miaka kadhaa Mombasa, ikachoka, na makao makuu walikuwa na mazoea ya kututeremshia huku kusini kila kilichochoka. Viti vyetu vilikuja hivyo, kabati zetu zilikuja hivyo, na dereva wetu, kwa maneno yake mwenyewe, alikuja hivyo.

Mradi ulikuwa wa visima vya pampu ya mkono, kuanzia Tiwi mpaka Majoreni. Wenzetu walichimba, sisi wa ofisini tuliandika kilichochimbwa, kilichoharibika na kilichogombaniwa. Mimi nilikuwa karani wa majaribio. Kabla ya hapo nilikuwa mmwagilia maua katika hoteli moja ya Diani, na kila jioni nikitoka kazini nilikwenda kusoma Ukunda, madarasa ya watu wazima. Miaka minne nilikalia dawati la mtoto wa darasa la tatu, magoti yananigusa masikio, mpaka nikafaulu. Cheti nilikitia plastiki siku ile ile nilipokipokea, wino haujakauka sawasawa.

Mradi ulinichukua kwa miezi mitatu. Ikiisha, meneja angeamua kama naajiriwa kwa kudumu au naaga. Kurudi hotelini hakukuwepo, maana mpira wangu wa maji ulishapewa mtu mwingine, na nilisikia maua yanamkubali. Kwa hiyo miezi ile mitatu ndiyo iliyokuwa kazi yangu yote duniani.

Ofisini tulikuwa watu watatu. Karani mkuu alikuwa mzee wa Kidigo kutoka Tiwi, mpole, sauti ya chini, mtu ambaye hata akikukaripia ulidhani anakukaribisha chai. Wa pili alikuwa mama mpiga taipu, mtu wa bara kama mimi, aliyekaa na mumewe kwenye mashamba ya walowezi huko Shimba Hills. Vidole vyake vilikwenda kasi mpaka taipureta ikatoa moshi. Nikitia chumvi hapo ni kidogo tu. Meneja alikaa Mombasa na kutujia Jumatatu na Alhamisi.

Kompyuta zilikuwa tatu, printa moja. Katikati yake palikuwa na kisanduku cha chuma chenye swichi ya kuzungusha, na alama A, B na C. A ilikuwa ya mama, B ya mzee, C yangu. Ukitaka kuchapa ulizungusha swichi ielekee herufi yako, na printa ikakusikiliza wewe peke yako. Akizungusha mwenzio kabla hujamaliza, kazi yako inakatika katikati kama maji ya bomba.

Tabia za mashine ile ningeweza kuzieleza mpaka kesho. Asubuhi ukiiwasha iliguna dakika nzima, kama mtu anayeamshwa kwa nguvu. Karatasi yenye unyevu haikuitaka kabisa, na Msambweni, hasa mwaka ule wa mvua nyingi, hapakuwa na karatasi isiyo na unyevu. Ilikuwa ukichukua rimu unahisi umeshika mkate wa kumimina. Mama ndiye aliyepata dawa. Alitoa faili kwenye kabati la chini, akaweka balbu ndani, akaiwasha, na rimu zikakaa humo zikiota joto kama vifaranga. Karatasi iliyotoka pale ilipita bila neno. Iliyotoka dukani moja kwa moja ilitafunwa, ikakunjwa mikunjo kama ya marinda, na wewe ukafungua kifuniko cha nyuma kuivuta kipande kipande huku unaungua vidole.

Kisha palikuwa na kitone. Kila ukurasa, chini upande wa kulia, mashine iliacha kitone cheusi cha ukubwa wa mbegu ya ufuta. Tulifuta, tulipangusa, tulitikisa mkebe wa wino wa unga mpaka tukawa kama wachoma makaa, kitone hakikwenda. Mwishowe kikawa chetu. Kamati ya kisima kule Majoreni iliwahi kuikataa barua kutoka makao makuu, yenye mhuri na sahihi mbili, kwa sababu haikuwa na kitone. Walimwambia dereva airudishe ilikotoka, hiyo si ya ofisi.

Na palikuwa na ramani. Ripoti zetu zilikuwa na ramani ya visima, na printa ikifika kwenye ramani ilinyamaza. Taa ilipepesa polepole, hakuna sauti, hakuna karatasi, muda ambao mtu angeweza kupika biriani na kuosha sufuria. Halafu, ukishakata tamaa, ikaitoa.

Kwa sababu ya swichi ile, mzee alikuwa ametuwekea adabu. Wiki ya kwanza tulikatiana kazi mara nyingi sana, mpaka siku moja akasimama katikati ya chumba akasema, "Nyumba ya mtu huingii bila hodi. Na mashine hii akiwa nayo mtu ni nyumba yake." Tangu siku hiyo hakuna aliyegusa swichi kabla ya kuita "Hodi mashine!" Mwenye kazi ndani alijibu "Ngoja kidogo," na aliyemaliza alijibu "Karibu." Wageni waliofika ofisini wakatukuta tunabisha hodi na hakuna mlango walitutazama kwa huruma. Lakini tangu tuanze hodi, hakuna kazi iliyokatika hata moja.

Mpaka Jumatano ile.

Miezi yangu mitatu ilikuwa inaisha wiki hiyo, na meneja alikuwa amenitaka nimwandikie barua ya kuomba kazi ya kudumu, nimkabidhi Alhamisi. Alhamisi hiyo hiyo wangekuja wageni wawili kutoka Nairobi kuukagua mradi, na mzee alikuwa anatayarisha ripoti yao, kurasa thelathini na ramani.

Barua yangu niliiandika kwa Kiingereza cha madarasa ya jioni, kile kinachovaa tai hata jikoni. Nilisema kwamba tangu nifike, mashine ya kuchapa imepata afya. Nilisema kwamba wenzangu ofisini, kwa umri wao na kwa kuzoea mambo ya zamani, wanaiogopa. Nilisema mimi peke yangu ndiye ninayeijua ndani na nje, na siku nisipokuwepo ofisi italazimika kufunga milango. Niliisoma mara tatu, na kila mara nilijiona mrefu zaidi.

Wakati wa adhuhuri mzee alikuwa ameiagiza kompyuta yake ichape ripoti, akasikia adhana, akavuka barabara kwenda msikitini. Mama alikuwa ametoka kwenda sokoni. Nikabaki peke yangu na barua yangu. Nikaitazama printa. Kwenye trei palikuwa na kurasa kumi na mbili zimelala kifudifudi, na mashine imenyamaza kimya.

Nikaita, "Hodi mashine!"

Kimya.

"Hodi mashine!"

Kimya.

"Hodi!"

Kwetu bara, mtu akibisha mara tatu asijibiwe, husukuma mlango aone kama kuna mgonjwa ndani. Nikazungusha swichi kutoka B mpaka C, nikaituma barua, nikangoja. Hakuna kilichotoka. Nikangoja tena. Nje dereva akapiga honi, lori la mabomba limefika na linataka mikono. Basi nikairudisha swichi kwenye B, kama mtu anayeuegesha mlango vizuri baada ya kuingia asikoalikwa, nikaenda kushusha mabomba.

Niliporudi, mzee alikuwa ameshakusanya kurasa zake, akamkabidhi dereva azipeleke Ukunda kutolewa nakala tano na kufungwa majalada. Hakuzikagua moja moja. Hakuwa na sababu, maana hodi zilikuwa zinafanya kazi. Mimi nilichapa barua yangu upya, ikatoka safi, nikaitia bahasha. Ile ya kwanza nilidhani imeyeyuka ndani ya waya.

Alhamisi saa nne wageni wakakaa kwenye meza ndefu, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, kila mmoja na nakala yake. Meneja alikaa kati yao. Mzee alisimama kusoma ripoti na kuieleza, na mimi nikapita na sinia la chai, bahasha iko mfuko wa shati. Mzee alisoma vizuri sana. Akafika kwenye ramani, akaonyesha visima kwa kidole, akafunua ukurasa.

"Na baada ya ramani," alisema, "Mheshimiwa Meneja, mimi niliyetia sahihi hapo chini, ninaomba..."

Akasita.

Mzee alikuwa na kawaida ya kusoma kimya huku midomo inacheza. Nikaiona midomo ile ikishuka mstari kwa mstari. Najua ilipopita kwenye afya ya mashine. Najua ilipofika kwenye umri na mambo ya zamani, kwa sababu ilisimama hapo, ikarudi nyuma, ikapita tena.

Mgeni mwanamke naye alikuwa anasoma kwenye nakala yake. Alicheka mpaka akavua miwani. "Jamani, ni nani huyu ambaye asipokuja ofisi inafungwa?"

"Ndiye huyo anayekumiminia chai," alisema meneja.

Mwanamke akanitazama, akaitazama chai, akakisogeza kikombe. "Basi niongezee kabla hujaondoka."

Mzee akasema, kwa sauti ile ile, "Ukurasa huu si wa ripoti. Naomba radhi. Tuendelee na unaofuata." Lakini unaofuata ulianzia katikati ya jedwali. Orodha ya visima vya Majoreni haikuwepo, na ndivyo visima wageni walivyokuja kuviona. Mashine ilikuwa bado inaitafuta ramani; nilipoizungusha swichi niliikata orodha, na barua yangu ikaingia mahali pake.

Meneja aliwaomba wageni watangulie kwenye gari, wakaangalie visima vyenyewe kwanza, ripoti kamili wataikuta wakirudi saa kumi. Kisha akaja chumbani kwetu, akafunga mlango.

"Nani aligeuza?"

"Mimi, Bwana Meneja. Lakini nilipiga hodi."

"Nani alikujibu?"

"Hakuna. Nilipiga tatu."

Mzee akainua kichwa. "Hodi tatu bila jibu, mtu hurudi alikotoka."

"Kwetu mtu huingia, mzee."

"Huingia?"

"Huingia kuangalia kama mko salama."

Mzee akamgeukia mama, kwa mshangao wa kweli. "Mama, ni kweli? Kwenu huko huingia?"

"Kwetu huingia, mzee," alisema mama. "Lakini hatuingii tukabadilisha samani."

Meneja hakucheka. Alikuwa na ukurasa wangu mkononi, ameung'oa kwenye jalada, na kitone chake kiko pale pale chini upande wa kulia. "Umeandika hapa kwamba mashine hii unaijua peke yako. Vizuri. Gari nimelichukua, kwa hiyo Ukunda hapana. Nikirudi saa kumi nikute nakala tano kamili mezani, zimechapwa hapa. Nikizikuta, tutazungumza Jumatatu. Nisipozikuta, Jumatatu usije."

Akatoka. Ilikuwa saa tano na nusu. Nikapiga hesabu: kurasa thelathini mara tano, na ramani mara tano, yaani biriani tano.

Nilikalia kompyuta ya mzee, nikachukua rimu yenye joto kabatini, nikaanza. Kurasa kumi na mbili zikatoka kama maji. Ikafika ramani, mashine ikanyamaza, taa ikapepesa, nikatulia kwa kuwa naijua. Ghafla balbu ya darini ikafifia, printa ikazimika, ikawaka upya na kuanza kuguna kama asubuhi. Ramani imepotea. Nikaanza tena. Ikafika pale pale, ikazimika tena. Mara ya tatu niliomba dua ya kanisani na ya msikitini kwa pamoja, ikazimika vilevile.

Saa saba ikapita. Mgongo wa shati langu ungeweza kunywesha mbuzi.

Mama alikuwa anapiga taipu bila kunitazama. "Wewe kijana."

"Naam, mama."

"Mashine imepata afya?"

"Inakuja, mama, inakuja."

"Nilidhani labda tufunge milango."

Mzee alikuwa ameketi kwenye meza yangu, kwa kuwa yake nimeichukua, anaandika kwa kalamu. Alikwenda kuswali, akarudi, akaendelea kuandika. Wakati wote ule nilikuwa nikijiambia kwamba jambo ni dogo, nitalipata mwenyewe, na nikimuuliza sasa nitakuwa nimekula barua yangu mzimamzima, na bahasha juu. Lakini saa ya ukutani ilikuwa inakimbia mbio ambazo sijaona saa ikikimbia. Ilipofika saa nane na robo nikainuka, nikaenda nikasimama mbele yake.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba. Si tulisalimiana asubuhi?"

"Hii ni ya pili."

"Haya."

"Ramani hainitokei."

"Nimeona."

"Kwako inatoka kila siku. Huwa unafanya nini?"

Akaifunika kalamu yake taratibu, kifuniko kikalia. "Zima feni," alisema. "Na friji ya soda. Umeme wa hapa ni mchache, ramani inautaka wote. Ikishatoka, washa."

Nilikuwa nimekaa chini ya feni ile miezi mitatu. Mara ngapi nilikuwa nimeiona ikizimika, nikamlaumu mtu wa umeme, nikajipepea na faili, na dakika chache baadaye ikawaka tena nikashukuru! Sikuwahi kuinua macho nimwone mzee amesimama pale ukutani kwenye swichi.

Nikazima feni, nikazima friji. Ramani ya kwanza ikatoka.

"Usiifuatishe na nyingine papo hapo," alisema mzee. "Ifungue kifuniko, ipumue. Ikipata moto sana inapindisha."

Sikumwomba aje, lakini alivuta kiti akakaa karibu na kisanduku cha swichi, mkono juu yake kama mtu anayeshika mlango usipigwe na upepo. Mama akaacha taipureta akawa anaipepea mashine kwa jalada la faili, akilalamika kwamba mumewe hajawahi kupepewa namna hiyo hata siku ya harusi. Bila feni chumba kilikuwa tanuri. Mzee alivua kofia yake akajifuta jasho, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya mbele ya watu.

"Mzee," nilisema ramani ya tatu ilipokuwa inangojwa, "yale niliyoandika..."

"Nimeyasoma."

"Nilitia chumvi."

"Ulimwaga kopo lote."

Mama alicheka mpaka jalada likamponyoka. Mzee hakucheka, wala hakusema amenisamehe. Alinyanyua kidole kunionyesha kwamba karatasi imeanza kusogea, nikaenda kuipokea.

Nakala ya tano ilitimia saa kumi kasorobo. Ukurasa mmoja ulikuwa umekaa upande kidogo, lakini visima vya Majoreni vilikuwepo vyote. Tulizibana kwa stepla, kwa kuwa majalada hatukuwa nayo, tukazipanga kwenye meza ndefu. Meneja alirudi na wageni, miguu yao imejaa udongo, akafunua nakala moja, akaangalia baada ya ramani, akaifunga. Mgeni mwanamke akaniuliza kama chai bado ipo. Bahasha sikuitoa mfukoni.

Jumatatu meneja alituita mimi na mzee. Barua yangu ya kwanza ilikuwa mezani, ile iliyong'olewa kwenye jalada.

"Nakala nilizikuta," aliniambia. "Ulizitoa peke yako?"

Mzee alikuwa amesimama kando yangu, akiangalia dirishani. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa hanitazami, na nikaona kabisa kwamba ananiachia mimi.

"Hapana, Bwana Meneja. Tangu saa tano na nusu mpaka saa nane na robo nilikuwa peke yangu, na sikutoa hata moja. Mzee alinionyesha. Mama alisaidia."

Meneja akaandika kitu pembeni ya barua. "Mzee, wewe ndiye unayekaa naye. Unasemaje?"

Mzee akageuka kutoka dirishani. "Kuandika anajua," alisema. "Kuuliza ameanza Alhamisi. Mpe miezi mitatu mingine, tuone kama ataendelea."

"Na asipoendelea?"

"Nitakuja kukwambia mwenyewe."

Meneja akatia sahihi, nikashukuru, nikatoka nikiwa sijui niseme nimepanda au nimeshuka. Mama alikuwa anangoja, mikono juu ya taipureta.

"Umefukuzwa?"

"Nimeongezwa."

"Cheo?"

"Miezi."

Akanitazama aone kama natania, akaona sitanii. "Basi kaa," alisema. "Kuna barua sita za Lungalunga, na zote ni zako."

Barua ya pili ya kuomba kazi niliiandika mwezi wangu wa sita ulipofika. Ilikuwa na mistari minne. Mzee aliisoma kabla ya meneja, akakuta neno moja lililozidi, akalikata kwa penseli, na kazi nikaipata.